Vizibao Vinane Kutoka Likoni Hadi Junda

Shoga zangu, tangu nirudi mmenijia mmoja mmoja na swali lile lile: ulikwenda wapi siku zote hizo, na buibui lako limekuwaje? Nimesimulia hadi sauti imenikauka, na kila nikisimulia, anayesikia hutia chumvi yake akaenda nayo mtaani. Jana nimeambiwa ati nilitaka kujiua kwa hasira za mkwe! Basi naandika. Mwenye kutaka asome, asiyejua kusoma asomewe na mwanawe. Mambo ya nauli na kufunga mizigo sitawachosha nayo.

Mnajua kwamba mwaka jana nilishona vizibao vya kuelea, vile vya kitambaa cha manjano vilivyojazwa sufi, vya boti za matembezi. Kumi na viwili vilichukuliwa na Badi, mume wa Rehema wangu. Badi alikuwa akiendesha boti ya mzungu mmoja. Huyo mzungu ameona Uhuru waja, amefunga virago, na boti sasa ni ya Badi mwenyewe. Siku alipokuja kuvichukua alikaa barazani kwa adabu zake, akamtuma Rehema ndani aje aniulize viwekwe vipi visiharibike. Nami nikajibu kwa mdomo wangu huu, "Mwambie mumeo sufi ni sufi. Awatandikie wageni wakalie, watamshukuru."

Sasa Alhamisi ile, siku moja kabla sijaondoka, palikuwa na somo la waendesha boti za matembezi hapa hapa Likoni, kiwanjani mwa skuli. Mwalimu alikuwa mzee wetu mmoja aliyestaafu kazi ya vyombo vinavyovuta meli bandarini, na mimi niliitwa nioneshe jinsi kizibao kinavyofungwa. Nilikwenda najiona fundi kweli kweli. Mzee akachukua viwili, kimoja kipya na kimoja kilichokaliwa mwaka mzima, akavifunga mawe ya uzito mmoja, akavitumbukiza katika pipa la maji. Kipya kikaelea. Kile kilichokaliwa kikateremka polepole, kikatoa mapovu machache, kikalala chini. Mzee akasema sufi ikishasagika chini ya makalio ya watu haibaki na hewa ndani, ni godoro bovu tu. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nikimtafuta Badi kwa macho kati ya wale vijana, na Badi hakuwapo. Alikuwa ametuma salamu kwamba yeye amezaliwa majini, hana haja ya somo.

Sikukalika tena. Nyumbani nilikuwa na vizibao vinane vipya ambavyo havijapata mnunuzi. Ijumaa baada ya sala nilivifunga ndani ya shuka, nikajitwika, nikatoka. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nimwone mkwe wangu kabla hajapeleka watu baharini kwa maneno yangu.

Kivukoni

Haraka zangu ziliishia kivukoni. Meli kubwa ilikuwa ikiingia Kilindini, feri ikangoja ipite, na meli yenyewe ikapita kama bibi harusi, hatua moja, pumziko. Nilikuwa kama kuku atakaye kutaga: nakaa, nainuka, nakwenda hadi ukingoni, narudi. Nilinunua muhogo wa kukaanga, nikaugawa wote kwa watoto wa watu kwa sababu haukupita kooni.

Tulipopanda hatimaye, baba mmoja mwenye tumbo lake na kapu la papa mkononi akaona furushi langu chini, akalikalia. Alikaa kama aliyekaribishwa. Nikamwambia ainuke. Akanitazama, akasema mama, mto kama si wa kukaliwa ni wa nini? Nikamwambia si mto. Akauliza ni nini basi, na mimi kwa ujinga wangu nikamweleza kwa sauti, kwamba hivi huvaliwa ili chombo kikizama mtu asife.

Lahaula! Feri nzima iligeuka. Mama aliyekuwa ubavuni pangu akavuta leso yake kana kwamba nina ndui, akasema, "Bibi, usituchurie. Tuko juu ya maji." Mwingine akaanza kusoma Ayatul Kursi. Nikawa na nafasi kubwa peke yangu kuliko abiria yeyote, isipokuwa yule baba, ambaye hakuinuka hadi ng'ambo. Nililivuta furushi chini yake kwa nguvu, nusura aanguke na papa wake.

Hasira zilinipanda, lakini nikiwa njiani kuelekea stendi niliwaza kwamba yule mama hakusema neno geni. Mimi mwenyewe nimekuzwa hivyo. Marehemu mume wangu akitoka kwenda baharini hatukuthubutu kutaja kuzama, hata kutaja jiwe. Tulisoma Fatiha, tukanyamaza. Basi somo la yule mzee nani atalisema, na atalisema wapi, ikiwa nchi kavu hatulisikii na majini haliruhusiwi?

Changamwe

Badi na Rehema wamepanga chumba Changamwe, na nilihesabu nitakuwa mlangoni kwao kabla ya alasiri. Basi letu lilifika Makupa likasimama. Palikuwa na mkutano wa siasa, watu wamejaa barabarani, ngoma, matawi, na dereva akazima mashine akashuka kwenda kusikiliza kama kwamba sisi ni mizigo. Nilishuka nami, nikatua furushi nivute pumzi, na shuka ikafunguka pembe moja. Manjano ikaonekana.

Vijana watatu wakanizunguka. Wakataka kujua hiyo ni rangi ya chama gani. Nikasema si ya chama. Wakasema mwaka huu hakuna rangi isiyo ya chama. Mmoja akakitoa kizibao, akakivaa, akajifunga kamba, akaanza kucheza ngoma nacho, wenzake wakapiga makofi. Nilimwomba kwa upole. Hakusikia. Nikamwomba kwa ukali, nikimtajia mamake aliyemzaa na namna alivyomlea, akakivua mara moja akaniamkia shikamoo. Lakini jua lilikuwa limekwisha kuteremka, na nilipogonga mlango wa Rehema palikuwa na kufuli.

Jirani yao ni Mama Akinyi, mke wa mfanyakazi wa reli, mtu wa bara. Alitoka, akanitazama, akalitazama furushi, akanikumbatia kwa furaha nisiyoielewa. Alidhani nimeleta mito ya mtoto mchanga. Kwanza nilikana, halafu nikaogopa: kwani Rehema ana mimba ambayo mimi siijui? Tukazungumza mwendo mrefu, yeye kwa Kiswahili chake cha kukata moja kwa moja na mimi kwa changu cha kuzunguka, mpaka ikabainika hakuna mimba, ila Mama Akinyi alikuwa anaiombea. Tulicheka sana, na hicho ndicho kicheko changu cha pekee siku ile.

Kisha akaniambia lililonikata maini. Badi amechukua mkewe na mtoto, wamekwenda Kisauni tangu Jumatano. Jumapili asubuhi boti yake inatembeza walimu wa skuli moja na wake zao, na Rehema na Mwanaidi wamo. Mwanaidi ni mjukuu wangu, ana miaka minne.

Nilisimama nitoke vile vile. Mama Akinyi akanishika mkono akanikalisha, akasema basi la mwisho limekwisha kwenda, na hata kama lingekuwapo, mtu haendi safari na tumbo tupu. Alinisongea ugali, akaleta samaki wa mchuzi. Aliniona nasita, akasema taratibu kwamba samaki amenunua kwa Mwarabu, na kisu ni cha samaki tu. Niliona haya! Nilikula. Alinipa kitanda chake, yeye akalala chini na wanawe, na furushi langu akaliweka juu ya kabati kama nilivyomwomba, bila kuuliza sababu. Katika watu wote wa safari ile, ni yeye peke yake ambaye hakulikalia.

Kisauni

Jumamosi basi la kwanza halikuja. La pili likaja limejaa. La tatu likapasuka gurudumu, tukakaa kando ya njia, utingo akitafuta jeki iliyoazimwa na dereva mwingine. Mzee mmoja aliponiona naenda huku na huku juani akaniambia haraka haraka haina baraka. Nikamwambia baba, na polepole nayo imeshaua watu. Nikajuta, maana alikuwa amesema kwa wema.

Tulipovuka lile daraja linaloelea la kwenda Nyali nilifumba macho. Zamani nilikuwa nalipenda, leo nikawaza ni nani huyaangalia yale maboya yaliyo chini yake, na kama naye amefunzwa na fundi wa magodoro.

Kisauni nilikwenda moja kwa moja mahali boti ilipokuwa ikifungwa. Haikuwapo. Mlinzi akanambia Badi ameipeleka Junda, ndani ya mkono wa bahari, kupaka rangi tumbo, na kesho maji yakijaa ndipo atapakia wageni huko huko. Nikauliza maji yatajaa saa ngapi. Akasema saa tatu za asubuhi.

Ningeweza kufika Junda siku ile ile, kwa miguu. Lakini Kisauni yuko Bi Khadija, shangazi wa marehemu mume wangu, na nilikuwa nimeonwa na nusu ya mtaa wake. Kupita mlangoni kwa Bi Khadija bila kuingia ni kosa litakalozungumzwa mpaka mazishini kwangu. Nikaingia kwa nia ya salamu tu. Shikamoo, marahaba, wa wapi, wa nini, Rehema hajambo, sufuria imekwisha kuwekwa motoni. Kila nikitaka kuaga analeta kitu: kwanza mkate wa sinia, kisha kahawa, kisha kisa cha mguu wake unaomuuma miaka saba. Magharibi ikaingia. Akasema, "Mwanamke wa watu hatembei giza hili akipita mlango wangu." Nikaitika abee, nikakaa.

Na hapo nikafanya kosa jingine. Niliacha furushi chumbani nikaenda kutawadha. Niliporudi kutoka kwenye sala, Bi Khadija amekwisha kutoa kizibao kimoja, amekikunja mara mbili, amekiweka chini ya goti lake bovu. Akafumba macho, akasema Mungu akubariki mwanangu, tangu mwaka juzi sijapata raha kama hii.

Mngefanyaje nyinyi? Nilijaribu asubuhi, wakati wa mahamri na mbaazi, kumweleza kwa mafumbo, na yeye kila fumbo akalipokea kama dua. Niliondoka nimemwachia. Vinane vikawa saba, na njia nzima nilijilaumu kwamba heshima zangu zimemvua mtu mmoja nguo yake ya uhai.

Junda

Niliuliza njia kwa mama aliyekuwa akiteka maji. Akanyosha mdomo, akasema ni hapo tu. Hiyo "hapo tu" yao niliitembea mchangani hadi viatu vikanishinda nikavivua. Jua lilipanda, na kwa kila hatua niliona maji yanajaa bila mimi.

Nilifika yakiwa yamejaa pomoni. Boti ilikuwa nyeupe, imepakwa upya, imefungwa kwenye gati la mbao, na watu wamekwisha kukaa: walimu na wake zao, watu kumi kwa jumla, wengine wa pwani, wengine wa bara, wamevaa vizuri, vyakula katika vikapu. Rehema yuko mbele na Mwanaidi pajani. Na chini ya kila mmoja pembe ya manjano inachungulia. Badi alikuwa amevipanga kimoja kimoja kwenye viti, vizuri sana, kama nilivyomwambia.

Mnaijua adabu yetu ya mkwe. Hanitazami usoni, sinyanyui sauti mbele yake, mkono hatupeani, na miaka mitano maneno yetu yamepita kinywani mwa Rehema. Siku ile nilimsemesha mwenyewe. Nilimwambia awateremshe watu, vile vizibao haviwezi kumwokoa hata paka.

Aliinamisha kichwa. "Naam, mama," akasema, na mikono yake ikaendelea kulegeza kamba.

Nikamweleza ya pipa na mawe. Akasema inshallah mama, tutaviangalia. Nikasema leo. Akasema inshallah. Nikamwambia ninavyo saba vipya hapa. Akanishukuru, akanitakia afya njema. Mkwe mwenye adabu ni ukuta uliopakwa mafuta, huna pa kushika. Nikawageukia wageni, nikawaambia ikiwa boti itapinduka huko mbele, hivyo mlivyokalia vitawavuta chini. Mke wa mwalimu mmoja, mtu mzima mwenzangu, akanikatiza, "Bibi, asubuhi yote hii wataka kutuchuria?" Wengine wakaguna. Badi akasema, hakunisemesha mimi, aliisemesha kamba yake, kwamba kufundishwa fundishwa tumekuchoka, zama hizo zimekwisha kwenda na wenyewe. Nikasema aliyefundisha ni mzee wa Likoni, si mzungu. Akasema naam, mama.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tunavyowaambia vijana. Lakini huyu alikuwa amelisikia la mkuu! Mkuu ndiye mimi, na la mkuu ndilo lililowakalisha watu wale juu ya sufi iliyokufa. Nilimtazama Mwanaidi anavyochezesha miguu, na nikaona hakuna neno litakalofika.

Niliingia botini, nikamwambia yule mke wa mwalimu ainuke kidogo, nikachukua kizibao alichokalia. Kilikuwa bado kina joto lake. Nikakivaa juu ya buibui, nikafunga kamba zake tatu, mafundo yale yale niliyoyaonesha Likoni. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami hata nguo sikuvua. Nyinyi mwajua kwamba sijui kuogelea, bahari mimi huioga kwa kata. Nikasema, "Kikielea nitaelea. Kisipoelea mtaona," nikashuka upande wa maji mengi.

Nilidhani nitazama taratibu, kama kile cha pipani, nipate kusema neno la pili. Wapi! Kizibao kilinywa maji kikawa kama mtu aliyenikumbatia kifuani, akaenda nami. Niliyaona maji ya kijani, kisha ya kahawia. Niliogopa, wallahi, msiseme nilikuwa shujaa. Niliwaza kwamba nimefanya upuuzi, na kwamba Rehema anatazama. Kisha mikono miwili ikanishika chini ya makwapa.

Badi alikuwa ameruka na nguo zake zote. Alinivuta hadi gatini, akanilaza, akanipiga mgongo hadi maji yakatoka, mkwe wangu huyo ambaye hajapata kunigusa hata kidole. Rehema alikuwa analia kwa sauti. Badi alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu.

"Mama, kwa nini?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekwambia wavikalie," nikamwambia. "Si kosa lako, Badi. Nilikosea mimi, fundi."

Aliinuka akawateremsha watu wote, akakusanya vile kumi na kimoja pamoja na nilichovaa, akavitupa matopeni. Akafungua furushi langu, akahesabu saba, akasema watakwenda saba saba. Nikamwambia sita, cha saba ni chake. Akasema yeye anajua kuogelea. Nikamwambia, "Chombo kikikupiga kichwani, ujuzi wako utakuwa wapi, na hawa atawatoa nani?" Akakivaa. Kilimbana kifuani, akakivaa hivyo hivyo.

Wale sita walipokwisha kukaa, alisimama mbele yao, maji yakimchuruzika. Alisoma Fatiha, wakaitika amina, na walimu wa bara wakainamisha vichwa kwa adabu yao. Nikadhani ataondoa kamba. Akabaki amesimama. Nilimwona anavyopambana na neno.

"Jamani," akasema, "chombo hiki kikizama, asisimame mtu, wala msikimbilie upande mmoja. Kishikeni chombo hata kikipinduka, msikiache mkaogelea pwani. Kopo la kukumbia maji hili hapa. Mimi nikianguka, mashine huzimwa hapa, mwalimu, weka mkono wako nione."

Mwalimu akaweka mkono. Yule mama aliyesema namchuria alizifungua kamba zake, akazifunga upya, mara hii akazikaza.

Sita wakaenda wakarudi, wakavua, na sita wengine wakasimama kuvaa, Rehema na Mwanaidi miongoni mwao. Rehema nilimfunga mwenyewe. Cha mwisho nikamvalisha Mwanaidi, nikakaza kamba zote, nikamwambia anyoshe mikono juu. Kizibao kikampita kichwani, kikaanguka peke yake majini, na yeye akabaki amesimama gatini na gauni lake. Nikajaribu tena kwa mafundo mengine. Kikampita tena.

"Bibi, changu kiko wapi?" akaniuliza.

Mwaka mzima nimeshona, shoga zangu, na kila Idi naona boti zinavyojaa watoto, na sikupata kukata hata kimoja cha kipimo chao. Nikamwambia sikukishona. Boti ikaondoka na mamake, yeye akabaki pajani mwangu, akilia, akinipiga kifuani kwa ngumi zake mbili mpaka waliporudi, na mimi sikumzuia.

Kwa hiyo wewe uliyeniletea gauni la harusi, na wewe mwenye mapazia, nisameheni, kazi zenu zitangoja. Nakata vidogo.